Jedwali Nililoliambatisha Kwenye Jibu la Posa

Alhamisi, baada ya Magharibi. Manyunyu tangu asubuhi hapa Mtoni Kijichi.

Assalaam aleikum ndugu zangu wasomaji, na nyie wa Tumsifu na wa Bwana Asifiwe nawasalimu pia. Hamjambo? Wazima nyote majumbani? Yule dada wa Kawe aliyeniandikia kwamba mama yake kalazwa, naomba nisikie kama mama ametoka hospitali. Mie afya ninayo, alhamdulillahi, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Mwili mzima.

Uso ndio sina.

Mmezoea humu niwaandikie habari za mabomba, kwa nini tenki linanuka, koki gani ununue na ipi uiache dukani, na mawili matatu niliyoyasikia msikitini. Leo si hayo. Leo nina jambo limenikaa kifuani tangu alasiri, na nikinyamaza nalo sijui nitaingiaje msikitini Ijumaa ya kesho.

Kabla sijaanza. Binti yangu ndiye aliyenifungulia blogu hii na huwa anaisoma. Nimemuomba ruhusa. Amesema, "Andika baba, ila badilisha majina." Nimeyabadilisha yote. Yeye humu nitamwita Zaituni.

Zaituni kaposwa.

Barua ililetwa na mshenga, Mzee Athumani, imefungwa kwenye leso mpya kama inavyotakiwa. Kijana anaitwa Rashidi, kazi yake mchonga nakshi. Anachonga milango na vichwa vya vitanda kule Keko. Kwao ni Pugu, kwa baba yake, Mzee Chitanda, naye mchongaji tangu ujanani. Ni watu wa kusini, Wamakonde, Waislamu wenzetu, wanaswali. Zaituni ana miaka ishirini na sita, anauza kwenye duka la dawa, na mama yake alipomuuliza kama anamridhia kijana alisema anamridhia. Kilichobaki kilikuwa jibu langu.

Wiki ile barua ilipokuja nilikuwa nafunga mabomba kwenye nyumba ya mtu huko Goba, juu kabisa mlimani, ambako maji yenyewe yanapanda kwa kubembelezwa. Mwenye nyumba ni kijana msomi, anafanya kazi za kompyuta. Alinikuta nimelala chali chini ya sinki la jikoni, akachuchumaa akaniambia, "Mzee, wewe una bahati. Hii akili mnemba inakuja kutumaliza sie wa ofisini. Wewe hapo ulipo hakuna mashine itakayoingia."

Nikamwambia hata mie mwenyewe nimeingia kwa shida. Tukacheka. Akanieleza kwamba zipo orodha kabisa mtandaoni, kazi za mikono zimepangwa kwa kipato na kwa hatari ya kumezwa na mashine, na mafundi bomba wako juu.

Nisiwafiche, nilifurahi kupita kiasi. Mtu kama mie, darasa la saba, niliyezoea kupitishwa mlango wa nyuma na kuambiwa vua viatu marumaru ni mpya, nasikia kwamba kuna mahali mie niko juu na mwenye nyumba yuko chini. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyepandishwa cheo. Hata salamu za njiani nilizijibu kwa sauti nzito.

Jioni ile nikafungua simu, ile programu ya kuongea nayo aliyoniwekea Zaituni inisahihishie maandishi ya humu. Nikaiuliza: nipangie kazi za ufundi za hapa kwetu, ipi inalipa na ipi itamezwa na mashine.

Jibu la kwanza lilikuwa la kiungwana. Lilisema halina uhakika wa kipato cha mafundi wa Dar, kwamba inategemea mtu, mtaa na msimu. Likasema kazi moja ina vipande vingi na mashine hula kipande, mara chache hula kazi nzima. Nikauliza hasa habari ya mchonga nakshi. Likasema anayejua kuchora na kumalizia kwa mkono anaweza kuitumia hiyo mashine badala ya kufukuzwa nayo. Nikasoma mpaka mwisho. Halikunifaa.

Nikauliza tena. Safari hii nikaibana: acha maelezo, nipe namba, wa kwanza mpaka wa mwisho. Ikanipa, lakini mchonga nakshi ikamweka katikati.

Nikauliza mara ya tatu. Nikaandika kwamba mchongaji ninayemsema anachonga maua yaleyale kila siku, hajui kompyuta, na jirani yake ana mashine. Hayo yote sikuyajua. Niliyatunga palepale, kidole kikiwa kwenye kioo. Simu ikanipa nilichokuwa nakitaka: mchonga nakshi akawa wa mwisho.

Mafundi wenzangu mnaosoma humu mtataka kujua mmekaa wapi, basi niwaambie. Juu nilikaa mie, fundi bomba. Sababu ni kwamba kila nyumba bomba limepita njia yake, na aliyelipitisha ameshahama au amekufa, kwa hiyo lazima mtu aje na masikio yake asikilize ukuta. Wa pili ni fundi wa friji na viyoyozi. Huyo kwa kipato amenizidi, joto la mji huu linamlisha, ila mitambo mipya inajisemea yenyewe kilichoharibika. Akafuata fundi umeme, halafu mwashi, fundi wa kuchomelea mageti, fundi marumaru, fundi rangi. Watu wa gereji waligawanywa. Wa kunyoosha bodi wakawekwa juu kidogo, wa injini wakashushwa, maana magari ya sasa yanasomwa kwa kompyuta na fundi anabaki kuambiwa akafungue wapi. Nyuma yao seremala wa kawaida, nyuma yake fundi nguo, kisha mchora mabango, ambaye sote tunajua mashine za kuchapa zilishammeza zamani na hatukumlilia. Mstari wa kumi na tatu, wa mwisho kabisa, mchonga nakshi.

Orodha haikuwa uongo mtupu. Keko nimepita nikaiona ile mashine kwa macho yangu. Ubao wa mninga unalazwa kama mgonjwa, kijisu kinashuka kinazunguka, ua linatokea, na mwenye mashine amekaa pembeni anakunywa chai na chapati. Ikimaliza anaweka ubao mwingine. Mchongaji aliyesimama jirani na mashine hiyo ana haki ya kuwa na hofu, mie sibishi.

Lakini kuna mambo nayajua na niliyanyamazia. Mwezi uliopita huyu fundi bomba, wa kwanza katika orodha, alikaa wiki tatu bila kupigiwa simu na mtu, kwa sababu ujenzi ulisimama kwenye saiti mbili nilizokuwa nazitegemea. Wiki hizohizo jirani yangu fundi nguo, ambaye orodha ilimweka wa kumi na moja, alikuwa anashona sare za shule mpaka anarudisha wateja. Ukitaka kujua fundi anaingiza nini, muulize pia siku ambazo hakuitwa. Na muulize magoti yake. Kwenye ile orodha safu ya magoti haikuwepo.

Hayo ningeyaandika barabarani kwa chaki kama ningekuwa namtafutia mtu ushauri wa kweli. Sikuwa namtafutia mtu ushauri.

Nikachukua karatasi ya mistari, rula na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Hati yangu ni nzuri, nadhani ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shule. Nikachora jedwali: kazi, kipato, hatari ya mashine. Hatari nikaiandika kwa nyekundu. Kwenye barua yenyewe nikasema kwa heshima zote kwamba binti yupo, na kijana hatuna neno naye, isipokuwa kutokana na hali ya dunia kama inavyoonekana kwenye jedwali lililoambatishwa, tunamuomba kwanza abadilishe fani, na mie mwenyewe niko tayari kumfundisha bomba bila malipo. Mahari tutazungumza baadaye.

Wallahi wakati ule nilijiona mtu mwema. Nilikuwa nimeshaanza hata kuliandaa lile jedwali niliweke humu, liwe faida kwa wazazi.

Mke wangu aliisoma akiwa amesimama. "Baba Zai, posa inajibiwa kwa mahari. Hili uliloandika ni tangazo la kazi."

Nikamwambia dunia imebadilika.

"Imebadilika," akasema, akairudisha karatasi mezani. "Waposaji ni walewale."

Zaituni nilimsomea barua. Jedwali sikumsomea. Alisema, "Sawa baba." Mwenye binti mkubwa anajua kwamba zipo sawa za namna nyingi, na hii haikuwa ile ya kukubali. Tangu siku hiyo chakula changu ananiwekea, anakifunika, anaondoka. Zamani alikuwaga anakaa, ananisimulia vituko vya wateja wa dukani mpaka nasahau kula.

Sasa nisikilizeni mahali nilipokosea kama mtoto mdogo. Jibu la posa halisomwi na muoaji peke yake. Mie nalijua hilo vizuri, nimeposa, nimekwenda kuwaposea wenzangu. Linasomwa na mshenga kwa sauti mbele ya wazee mkekani, na wanawake wako nyuma ya pazia, masikio yote huku. Nilikuwa nalijua, na nikalisahau, kwa sababu nilipokuwa napiga mistari, kichwani mwangu nilikuwa naongea na kijana mmoja tu, faragha, kama mtu anayemvuta mwenzake pembeni.

Barua ilisomwa Pugu Jumapili iliyopita. Mzee Athumani amekuja leo baada ya alasiri, kanzu imelowa pindoni. Nikamwamkia, akaitika, akaketi. Mke wangu akaleta chai, akaikataa. Nyie hamumjui, lakini Mzee Athumani hakatai chai.

"Hivi ulinituma nini kule?" akaniuliza.

"Jibu la posa, mzee wangu."

"Mie nimebeba majibu ya posa tangu wewe hujabalehe. Nimebeba ya kukubali, nimebeba ya kukataa, nimebeba moja lilikuwa matusi matupu na nikalisoma. Sijawahi kubeba matokeo ya mtihani."

Akanisimulia yote bila kuharakisha. Kwamba alisoma barua, kisha kwa kuwa iliandikwa kuna jedwali, ikabidi alisome na lenyewe, mstari kwa mstari, kazi, kipato, hatari. Mzee Chitanda alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Alipomaliza, mzee akauliza.

"Mwanangu wa ngapi?"

"Wa kumi na tatu."

"Kati ya wangapi?"

"Kumi na watatu."

"Na huyu mwenye barua, yeye wa ngapi?"

Mzee Athumani anasema alitamani kudanganya, ila karatasi ilikuwa mkononi na watu wanaiona. "Wa kwanza," akasema.

Nyuma ya pazia wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mtihani kautunga yeye, kaufanya yeye, na kujisahihishia kajisahihishia mwenyewe."

Nilivyosikia hivyo nilitabasamu kidogo, Mungu anisamehe. Mzee Athumani hakutabasamu. Akaendelea.

Rashidi akaitwa kutoka uani. Akaomba karatasi, akaisoma kimya, akaikunja vizuri akairudisha. Akasema kama hilo ndilo sharti la kumpata Zaituni, atakuja kujifunza bomba. Atakuja hata kesho yake.

Ndipo Mzee Chitanda akamgeukia mshenga. "Sawa. Yeye kijana, atajifunza. Mie nimeshika patasi tangu sijaota ndevu, na kwa patasi hiyo nimewalea watoto sita. Kaniulizie kwa huyo bwana, mie nikajifunze nini?"

Mshenga anasema hata nyuma ya pazia hakuna aliyecheka tena.

Nilikuwa natazama sakafu ya nyumba yangu mwenyewe kama mgeni. Nikajaribu kujitetea, na hapo ndipo nilipozidi kuzama. Nikasema nia yangu ilikuwa njema, kwamba ile mashine ya Keko nimeiona, kwamba ningemwonea mtoto wangu huruma akiolewa na mtu ambaye kesho hana kazi.

"Michoro inayoingizwa kwenye hiyo mashine anaichora nani?" akaniuliza Mzee Athumani.

"Sijui."

"Rashidi. Anachora kwa mkono, wanaiingiza kwenye kompyuta, mashine inakata. Ikishakata, kona zinabaki butu, anakuja yeye kuzifungua kwa patasi. Wenye mashine wanamgombania. Ungemuuliza angekwambia. Kijana ana simu, kijana ana miguu, barua yake ilikaa kwako wiki nzima. Wewe ukaenda kukiuliza hicho kidude."

Akasimama, akachukua mwavuli. Akaniambia ujumbe aliopewa. Mzee Chitanda hataki barua nyingine, ya kwanza imetosha. Anataka mie niende Pugu kwa miguu yangu, nikae mkekani pao, niseme kwa mdomo wangu ninachotaka kusema. Nikienda kabla ya Jumapili, watazungumza mahari. Nisipokwenda, leso yao irudishwe, na posa imekufa.

"Na mie karatasi yako sibebi tena," akasema mlangoni. "Mdomo unao."

Mke wangu alikuwa amesikia yote. Alikuja kuondoa kikombe ambacho hakikunywewa, akasimama nacho.

"Ungeandika tu kwamba hutaki Mmakonde," akasema. "Tungeokoa wino."

Nikakasirika. Nikamwambia neno hilo halijatoka kinywani mwangu hata siku moja katika nyumba hii.

"Ndiyo, hukulitamka," akasema. "Umelipigia mistari."

Ndugu zangu, nimekaa na maneno hayo tangu alasiri. Magharibi nimeswali nikapoteza hesabu ya rakaa, ikabidi nisujudu sijida ya kusahau, na hata kwenye sijida nilikuwa namuona yule mzee ameinamisha kichwa anasikiliza matokeo ya mwanawe.

Ukweli ni huu hapa. Barua ilipofika na nikasoma jina la ukoo, kabla sijapanda Goba, kabla ya mwenye nyumba kuchuchumaa, moyo wangu ulishasema hapana. Niliwaona watu wa mtaa wetu, na ndugu zangu wa Kizaramo ambao babu zao na babu zangu wamezikwa makaburi mamoja, wakiulizana binti wa fulani kaolewa wapi, na wakijibiwa, kwa wachonga vinyago. Kisha wanatazamana.

Hoja ya dini nilikuwa nayo mkononi tayari, kwamba sanamu haifai. Lakini Rashidi anachonga milango, na baba yake vinyago aliviacha miaka mingi. Mshenga alinieleza hayo siku ileile ya kwanza, kana kwamba alijua nitayauliza. Hoja ikaanguka. Nikabaki na dharau yangu iko uchi, nikaanza kuitafutia nguo, na simu ikanipa nguo ya kisasa, yenye safu tatu na rangi nyekundu.

Mashine sikuiogopa.

Hata dakika moja sikumwogopea Rashidi mashine. Kama ile orodha ya tatu ingesema mchonga nakshi ni wa kwanza na fundi bomba wa mwisho, ningeuliza mara ya nne.

Na mie ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Miaka yote nimesimama na watu wa kusini bega kwa bega, unyayo kwa unyayo, na imamu akisema zibeni nafasi nilikuwa wa kwanza kusogea. Bega nililitoa. Kumbe nyumba yangu nilikuwa nimewafungia.

Nimempigia simu kaka yangu mkubwa, ndiye mwenye usemi katika ukoo wetu. Nimemweleza nataka kwenda Pugu. Akasema, "Baba wa binti haendi kwa waposaji. Ukienda wewe, unamtembeza mtoto kama karanga." Simlaumu. Ndivyo tulivyolelewa, upande wa mke unakaa, upande wa mume unakuja. Nikienda nitasemwa na watu wangu kwamba sina haya, nimemnadi binti. Hilo nalo nimelipima.

Kilichonimaliza ni Zaituni. Nilipomuita kumuomba ruhusa ya kuandika haya, alikaa, mara ya kwanza tangu ile barua itoke. Nikamuuliza kama bado anamtaka yule kijana baada ya mambo yote haya.

"Mie namtaka, baba," akasema. "Sijui kama wao bado wananitaka mie."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Siku zote hizi nilijiona mie ndiye niliyekaa mlangoni, nafungua nikipenda, nafunga nikipenda. Kumbe wapo watu Pugu jioni hii wanajiuliza kama binti aliyelelewa na mtu wa namna yangu anafaa kuingia kwao. Na wana haki ya kujiuliza.

Kwa hiyo nitakwenda. Kesho, baada ya swala ya Ijumaa, mie na mama yake. Kaka nimemwambia, amekata simu, nitamwangukia siku nyingine.

Linalonisumbua ni nikaseme nini. Ipo samahani nyepesi: nimekosea, jedwali lilikuwa upuuzi, naomba lisahaulike. Hiyo wataipokea, watatucheka kidogo, tutapanga mahari, na ndoa itasimama. Na ipo samahani yenyewe: sikuwataka kwa sababu ya asili yenu, nikajificha nyuma ya mashine. Nikitoa ile ya kwanza nitakuwa nimewadanganya mara ya pili, safari hii tumekaa macho kwa macho. Nikitoa ya pili, pengine Mzee Chitanda atadai leso yake palepale, na mwanangu atakuwa amekoseshwa mume na ukweli wa baba yake, baada ya kuponea chupuchupu kwenye uongo wake.

Nikamuuliza mwenyewe, maana maisha ni yake. Nikamweleza samahani zote mbili, na ile ya pili niliitamka nikiwa natazama ukuta.

Zaituni hakuonekana kushtuka. "Iseme hiyo, baba," akasema. "Wao wanajua. Hata mie nilijua. Ni wewe tu ulikuwa bado hujaambiwa."

Nitaisema, inshallah. Nimeshajaribu kuipanga kichwani kama mara kumi, na kila mara nikifika kwenye neno la kwanza ulimi unakuwa mzito. Kama yupo kati yenu aliyewahi kukaa mkekani kwa watu aliowadharau, akalitoa moyoni mbele yao, naomba aniambie alianzaje. Tunaondoka kesho mchana. Tafadhali nijibuni mapema.